Mkaguzi hasemi anakokwenda

Juzi kwenye foleni ya kafeteria mshikaji mmoja wa Ualimu kaniuliza kwa sauti, kila mtu kasikia: "Hivi ticha, wewe una mchumba au una ratiba?" Foleni nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka. Ila swali lake si la kijinga. Ningemjibu kweli ningesema ninavyo vyote viwili, na kinachoninyima usingizi ni hicho cha pili.

Kwa wasiojua: mwenzangu alimaliza hapa hapa Dodoma 2024, shahada ya uhasibu, mimi ndiyo kwanza nikiwa namaliza mwaka wa kwanza, Kiswahili na Jiografia. Akakaa kwao miezi kadhaa, kisha akapata kazi kwenye kampuni moja ya mikopo midogo midogo. Ofisi kuu iko Dar, matawi yako mikoani, na yeye ni mkaguzi wa ndani. Maana yake mshahara uko Dar, nguo ziko Dar, mwenyewe yuko barabarani. Katika mwezi, wiki mbili yuko nje, wakati mwingine tatu.

Umbali wenyewe siku hizi si hoja. Nilipokuja kuripoti chuo 2023 nilipanda basi kutoka Dar asubuhi, nikafika jioni nimevimba miguu. Kilomita 450 kwa mwendo wa 80, weka mizani, weka matuta, weka dereva kusimama kununua nyanya za nyumbani kwake. Treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024, safari ikawa ya saa tatu na nusu au nne, inategemea inasimama vituo vingapi. Ukitoka Stesheni ya Magufuli hujamaliza hata hendauti moja, uko Morogoro. Kwa hiyo mtu akiniambia mapenzi ya mbali hayadumu huwa namuuliza, mbali gani? Kuna watu wanakaa Mbagala wana wachumba Bunju, wanaonana mara moja kwa mwezi kwa sababu ya foleni ya magari.

Hoja ni hela. Nauli ya kawaida ya treni kati ya Dar na Dodoma ilipotangazwa ilikuwa 31,000. Kwenda na kurudi 62,000. Bumu letu mnalijua wenyewe, ni 10,000 kwa siku, tangu lilipopandishwa kutoka 8,500 mwaka 2022, na humo ndimo kuna chakula na malazi. Yaani kwenda kumsalimia mtu wikiendi moja nimekula siku sita za msosi kabla sijanunua hata maji ya kunywa. Tulikubaliana mapema: mimi naenda Dar mara moja kila bumu likitoka, kwa hela yangu. Zilizobaki anakuja yeye, kwa hela yake. Hanitumii nauli, simwombi nauli. Chumbani kwetu hawaamini. Kuna mmoja ameshanibatiza jina la Marioo, na kila simu ikiita usiku anapaza sauti, "Marioo, bosi wako!" Namwacha. Mchumba wake anasoma jengo la pili, hajawahi kumpelekea hata embe.

Sasa hapa ndipo jiografia ilipoingia. Kampuni inamlipia safari ya kwenda kazini na kurudi Dar. Akimaliza tawi Ijumaa mchana, hakuna sheria inayosema arudi kwa njia gani, mradi Jumatatu yupo ofisini na kinachozidi kwenye nauli ni juu yake. Tukakaa na ramani, sitanii, ramani kabisa ya Tanzania. Akitoka Iringa, badala ya kushuka Mikumi na Morogoro anakuja kwa barabara ya Mtera, kilomita kama 260, jioni yuko hapa. Akitoka Arusha anapita Babati na Kondoa, ile lami iliyozinduliwa 2018. Akitoka Mwanza au Shinyanga ndiyo kabisa, basi lenyewe linapita Dodoma, anachofanya ni kushuka Nzuguni na begi lake. Jumapili anapanda treni. Tangu shule ya msingi tunaimbishwa kwamba Dodoma iko katikati ya nchi, na mimi nikaandika kwenye daftari bila kujua siku moja itanihusu.

Msifikirie lakini wikiendi zenyewe ni za kwenye filamu. Anafika Ijumaa usiku ananukia vumbi na, akipitia Mtera, ananukia perege, maana lazima amnunulie mamdogo wake samaki. Anafikia kwa huyo mamdogo, Kisasa. Mamdogo ananifahamu kama "yule kijana wa chuo anayesaidiaga kubeba begi." Mwaka wa pili huu nabeba begi. Jumamosi analala mpaka saa sita, mimi namsubiri sebuleni nikitazama tamthilia za Kituruki na mamdogo, tumeshakuwa mashabiki wa moja. Akiamka anafungua kompyuta kumalizia ripoti. Jioni tunatembea kidogo, tunakula, tunaongea. Jumapili saa nane ameshaanza kutazama saa. Ukipiga hesabu ya muda tunaoongea tukiwa macho wote wawili, ni kama vipindi vitano vya darasani. Navipenda vipindi hivyo kuliko vyote nilivyowahi kuhudhuria.

Tatizo lenyewe sijalitaja bado.

Mkaguzi wa ndani haruhusiwi kusema anakokwenda. Ukaguzi wao ni wa kushtukiza. Wanafika tawini Jumatatu asubuhi mlango unapofunguliwa, na kabla mtu hajanywa chai wanahesabu fedha taslimu, wanalinganisha na kitabu. Kisha wanachukua orodha ya wakopaji, wanawafuata majumbani kuona kama ni watu kweli au ni majina tu, maana wakopaji hewa ni ugonjwa wa biashara hiyo. Habari ikivuja siku mbili kabla, watakuta droo imejazwa na mafaili yananukia gundi mbichi. Kwa hiyo Jumapili usiku napata meseji: "Ticha, nasafiri." Basi. Wapi, hapana. Kwa gari gani, hapana. Ijumaa akishafunga kazi ndipo ananiambia alikuwa wapi.

Mwanzoni nilikuwa nabahatisha. Akisema kuna baridi, najua ni Njombe au Mbeya. Akisema joto halilaliki, najua hajatoka mbali na bahari. Siku moja nikasikia kwenye simu mtu nyuma yake anauza dagaa kwa lafudhi ya Kanda ya Ziwa, nikajua kila kitu nikanyamaza. Lakini mjue kubahatisha kuna ladha yake mbaya. Mtu unayempenda akikuambia "kuna mvua huku" unataka umwambie pole, umeloa? Hutaki kufungua atlasi kichwani.

Na wale wa chumbani walikuwa na neno lao: "Safari gani haina jina?"

Sasa sikilizeni. Mwezi wa nne, Jumanne jioni, mwenzangu wa chumbani karudi kutoka mjini. Kavua viatu, kakaa kitandani, kaniangalia kama mtu aliyebeba habari za msiba. "Shemeji yupo Dodoma?" Nikamwambia hapana, yupo safari. "Safari ya wapi?" Nikamwambia sijui. Akanyamaza kidogo, halafu akasema amemwona mchana karibu na Nyerere Square, anatoka kula na wanaume wawili, mmoja kambebea begi la kompyuta.

Nikuambie ukweli, kilichoniuma kwanza ni begi. Kubeba begi ni cheo changu mimi.

Kikao kikaitishwa pale pale. Chumba cha watu wanne kikawa na mawakili watatu. Mmoja anasema piga simu sasa hivi. Mwingine anasema panda boda nenda Kisasa kwa mamdogo. Wa tatu, ambaye ni mtu wa hila, akasema mtumie tu meseji ya "umekula nini leo mpenzi?" tuone atajibuje. Saa nne usiku meseji ikaingia: "Nimechoka ticha, lala salama." Nikaandika: "Na wewe." Nikazima simu.

Sikuuliza, na mpaka leo nikifikiria naona sikuwa na la kuuliza. Kama ni kazi, nikimuuliza namlazimisha achague kati ya kunidanganya na kuvunja sheria ya kazi yake, na yote mawili mimi ndiye nitakuwa nimemsukumia. Kama si kazi, Ijumaa itafika yenyewe. Nikasubiri Jumatano, Alhamisi. Alhamisi nilikuwa na testi ya fonolojia, nikakaa naangalia swali la irabu kama picha.

Ijumaa saa kumi na moja jioni simu ikaita. "Ticha, toka nje. Nipo hapa kituo cha daladala." Nikatoka. Amesimama na begi, anacheka, macho mekundu kwa usingizi. Alikuwa Dodoma tangu Jumapili. Tawi la hapa mjini, wiki nzima. Alilala gesti, hata mamdogo wake hakujua. Wale wanaume mmoja ni mkaguzi mwenzake, mwingine ni meneja wa tawi mwenyewe, ambaye siku hiyo alibeba begi kwa adabu zote za mtu anayekaguliwa.

Nikamwambia, "Nimejua tangu Jumanne."

Akaacha kucheka. "Na hukuuliza?"

"Sikuuliza."

Nilidhani atanishukuru. Wapi! "Kwa hiyo siku zote hizo unanisoma tu nikikuandikia lala salama? Unajua niko wapi, unaniacha niendelee?" Na mimi hapo yakanitoka: kilomita hazifiki kumi, usiku tano, watu wa chumbani wananiangalia kama mgonjwa. Ungesema neno moja tu.

"Ningekwambia ungekuja."

"Nisingekuja."

"Ungekuja, ticha," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Hata mimi ningekuja."

Tukala chipsi kuku bila maneno. Kuna mhudumu alikuja kuuliza kama chakula kina tatizo. Akanieleza baadaye kwamba kabla hajaajiriwa, mkaguzi mmoja alimtajia mkewe jina la mji tu, mke akamtajia shoga yake, na wakaenda kukuta tawi limepigwa deki mpaka kwenye hesabu. Yule mkaguzi hayupo kazini tena. Nilimwelewa. Kumwelewa mtu na kuacha kuumia ni vitu viwili, na mimi nilikuwa nimepata kimoja. Wikiendi ile hatukuimaliza vizuri, ila tuliimaliza. Makubaliano mapya ni kwamba akifunga tawi tu ananipigia kabla ya bosi wake, na mimi nimeacha kuuliza hali ya hewa. Simu ya kwanza ya namna hiyo alinipigia akiwa Njombe, meno yanagongana, na nilimwambia pole kwa raha zangu zote.

Mamdogo kashtuka kusikia alikuwa mjini wiki nzima bila kufika kwake. Amenuna mpaka leo. Perege mbili hazikutosha.

Kinachonikereketa sasa ni mbele. Mwakani mimi ni mwalimu, Mungu akipenda. Siku hizi hata walimu tunaitwa kwenye usaili, na ukipita unapangiwa kituo popote, iwe Nkasi, iwe Tandahimba. Dada mmoja aliyetutangulia kaniambia nisihofu, kuna uhamisho wa kumfuata mwenza. Sawa dada, ila wa kwanza wanataka cheti cha ndoa, na mimi kwa mamdogo bado ni kijana wa begi. Wa pili, kituo cha kazi cha mwenza ni kipi? Kwenye karatasi ni Dar, ambako kila mwalimu nchini anaomba kuhamia. Kwenye ukweli ni siti ya dirishani. Nimemweleza, akacheka, halafu akakaa kimya muda mrefu kwenye simu mpaka nikadhani salio limeisha. Akasema, "Tutaona." Huwa hasemi tutaona. Ni mtu wa tarakimu.

Kwa sasa kilicho mkononi mwangu ni TP, mazoezi ya kufundisha. Mwaka jana nilikuwa Kondoa. Safari hii tunachagua mkoa, na orodha inafungwa Ijumaa. Chumbani wote wanakwenda makwao, kula ugali wa mama. Mimi nimerudi kwenye ramani yetu ile. Akitoka Dar kwenda Iringa, Njombe au Mbeya, anapita Morogoro. Akienda Dodoma, Singida, Tabora au Mwanza, anapita Morogoro. Akija kwa treni, ni Morogoro. Zinazonikwepa ni Tanga na Arusha, zinazokata Chalinze, na zile za kusini, Lindi na Mtwara. Kwa hiyo kwa wiki hizo za TP anaweza asiniambie anakwenda wapi kabisa, na bado asiwe na njia ya kunipita.

Nimejaza Morogoro. Yeye sijamwambia. Ukaguzi wa kushtukiza.

Na kama unasoma hapa, bibie, basi umeshavujishiwa. Haya wadau, naenda maktaba kabla viti havijaisha.