Kitumbua kimoja kilichoahirisha upasuaji wa mtoto

Korogwe. Doa la mafuta ndilo lililomshtua. Lilikuwa kwenye mkono wa fulana ya mtoto wake wa miaka minne, dogo tu, na lilinukia hiliki. Ilikuwa saa 2:00 asubuhi. Walikuwa wamekaa kwenye benchi la hospitali moja mjini Korogwe, wakisubiri mtoto aingizwe chumba cha upasuaji kurekebishwa ngiri ya kinena.

Alimwinamia mwanawe na kumuuliza kwa sauti ya chini amekula nini.

Mtoto alitazama pembeni kwanza, kisha akajibu: “Kitumbua. Na chai. Bibi kasema nisikwambie.”

Dakika chache kabla ya hapo, mama huyo alikuwa amemhakikishia mtaalamu wa usingizi kwamba mtoto hajatia kitu mdomoni tangu saa 2:00 usiku. Mzazi mwingine angeweza kuliona jambo hilo dogo, akanyamaza. Yeye hakuweza, kwa sababu kulaza kwa dawa na kuamsha salama ni sehemu ya kazi yake. Tofauti ni kwamba wagonjwa wake ni mbuzi, ng'ombe na mbwa.

Kazi isiyo na jina

Ni afisa mifugo msaidizi wilayani Handeni. Alisoma stashahada katika chuo cha mifugo cha Buhuri, Tanga, na ingawa ni mwanamke, vijijini wengi bado humwita “bwana mifugo”. Siku nyingi kazi yake ni chanjo, kuogesha mifugo na kukagua nyama. Lakini daktari wa mifugo anapofika kufanya upasuaji, yeye ndiye husimama upande wa kichwa cha mnyama.

Uingereza na Marekani wapo wauguzi wa wanyama waliobobea katika usingizi tu. Handeni hakuna cheo hicho. Kuna mti wa kivuli, turubai lililotandikwa chini, ndoo ya maji safi, na mtu mmoja ambaye hatakiwi kutazama kisu. Anatakiwa kutazama kifua kinavyopanda na kushuka, rangi ya fizi, na kope zinavyoitikia zikiguswa.

Ng'ombe mara nyingi hapasuliwi akiwa amelala. Huchomwa ganzi ubavuni, akafanyiwa upasuaji akiwa amesimama, hata wa kutoa ndama. Mbuzi ni mtihani mwingine. Mwili wake ni mdogo, hivyo ganzi ikizidi kidogo anaweza kupata degedege. Akilazwa, kichwa hupangwa ili mate na cheuo vitoke nje, visirudi kwenye njia ya hewa.

Ndani ya kisanduku cha daktari huwamo pia ketamini, dawa ileile inayotumika kuwalaza binadamu, na ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Dawa haijali aliyelala ni mbwa au mtoto wa mtu. Mwili unapolegea, koo nalo hulegea. Kama tumboni kuna chakula, kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu.

Hilo hakulijua kwa kusoma tu. Miaka kadhaa iliyopita aliletwa mbwa wa mfugaji mmoja, amechanwa paja na ngiri wa porini. Damu ilikuwa imekauka, na jeraha lingeweza kusubiri hadi jioni. Alimuuliza mwenye mbwa kama amekula. “Hajala tangu jana,” mzee akajibu, na alikuwa anasema kweli kwa kadiri alivyojua.

Katikati ya kushona, mbwa alitapika. Walimgeuza, wakamfuta mdomo, wakamwinamisha kichwa. Hakuamka. Kilichotoka kilikuwa ugali wa asubuhi ileile. Watoto wa boma walimwonea huruma mbwa wao, wakampa makoko ya sufuria. Hakuna aliyewauliza.

Tangu siku hiyo hamuulizi mwenye mnyama peke yake. Huwauliza watoto, mchungaji, na yeyote anayeshika sufuria.

Swali aliloliacha nyumbani

Lakini kwa mwanawe mwenyewe alisahau.

Yeye, mumewe na mtoto walitoka Handeni jana yake, kilomita kama 65 hadi Korogwe, wakalala kwa mama mkwe wake Manundu ili wawahi foleni. Mumewe alimweleza kila kitu. Mama mkwe hakuelezwa, kwa sababu ilionekana ni jambo la hospitali. Alfajiri, mama alipokuwa akioga, mtoto aliamka akilia njaa. Bibi alikuwa jikoni anachoma vitumbua. Alifanya ambalo bibi yeyote angefanya.

Ilikuwa saa 11:00 alfajiri. Upasuaji ulipangwa saa 3:00 asubuhi. Alihesabu kwa vidole, ingawa jibu alikuwa nalo: saa nne tu.

Mumewe alikuwa ameacha bodaboda siku mbili bila hesabu ya tajiri. Nauli ilikuwa imetumika. Daktari wa upasuaji alikuwa na siku zake maalumu, na kukosa siku hiyo maana yake ilikuwa kurudi baada ya wiki tatu. Mumewe alipoambiwa alikaa kimya, kisha akasema: “Mama watoto, ni kitumbua kimoja.”

“Hata yule mbwa ilikuwa makoko tu,” akamjibu.

Aliinuka, akaenda mlangoni, akamwambia mtaalamu wa usingizi kwamba maelezo aliyompa mwanzo hayakuwa sahihi. Alitegemea kukaripiwa. Mtaalamu alimshukuru, akaandika kwenye faili na kwenda kuongea na wenzake. Orodha ya siku ilikuwa imejaa, na mchana uliachwa kwa ajili ya dharura. Walipewa tarehe nyingine.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa nyumbani. Mama mkwe alipowaona wanarudi mapema alifurahi, halafu akaambiwa sababu.

“Mwanangu, mimi nimezaa saba,” alisema. “Sijawahi kulaza mtoto na njaa. Leo nimekuwa mchawi wa mjukuu wangu?”

Hakujibu papo hapo. Alikaa chini kwenye mkeka karibu na jiko, akamsaidia kuosha vyombo, ndipo akamweleza habari ya mbwa, taratibu, bila kuruka kitu. Akamwambia pia kwamba kosa lilikuwa lake. “Mama, nisamehe. Nilimweleza kila mtu isipokuwa wewe unayepika.”

Bibi alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza: “Hata chai?”

“Chai ya maziwa ni chakula, mama.”

Baada ya wiki tatu walirudi Manundu. Usiku ule bibi mwenyewe ndiye aliyemlisha mjukuu wake, akahakikisha ameshiba, akafunika masufuria. Alfajiri hakuwasha jiko. Mtoto alipolia, alimpa maji kidogo kama hospitali ilivyoelekeza, akambeba mgongoni na kumzungusha uani. Nyumba nzima ilifunga hadi mtoto alipoondoka.

Mlangoni, mama alimkabidhi mwanawe kwa mtaalamu yuleyule. Kwa mara ya kwanza akawa upande wa wale wanaoambiwa wasubiri nje. Alijua kwamba ndani kuna mtu ambaye hatazami kisu, anatazama kifua. Ndicho kilichomwezesha kukaa. Mtoto alitoka ana usingizi na sauti imekauka. Neno lake la kwanza lilikuwa kitumbua.

Mambo ya kukumbuka, mzazi

Kabla ya usingizi wa dawa, utaratibu unaofuatwa kwa kawaida ni saa sita bila chakula wala maziwa ya ng'ombe au ya kopo, saa nne bila maziwa ya mama, na saa mbili bila maji. Uji, chai ya maziwa, juisi nzito na biskuti vinahesabiwa kama chakula. Hata hivyo, fuata saa ulizopewa na hospitali yako, na usimfungishe mtoto kuliko ulivyoambiwa. Mtoto mdogo akikaa na njaa kupita kiasi, sukari yake inaweza kushuka.

Mweleze kila anayeishi na mtoto: bibi, dada wa kazi, kaka zake, hata jirani mwenye kibanda cha pipi. Mweleze sababu pia. Katazo lisilo na sababu huvunjwa kwa huruma.

Ukigundua mtoto amekula, sema, hata kama ameshavalishwa nguo za upasuaji. Sema pia kama ana kikohozi, homa, jino linalolegea, mzio, au kama aliwahi kupata tatizo alipolazwa kwa dawa.

Mtoto mwenye ngiri ya kinena anayesubiri tarehe akipata uvimbe mgumu usiorudi ndani, akalia kwa maumivu au akatapika, usisubiri tarehe. Mpeleke hospitali mara moja, na ukifika useme alikula nini na saa ngapi.

Mama huyo amerudi Handeni kwenye turubai na ndoo yake. Mama mkwe naye ana kazi mpya Manundu: akisikia mtoto wa jirani ana tarehe ya upasuaji, huenda jioni, hupiga hodi, na huuliza nani atakayepika asubuhi.