Kiini cha Tano na Mkristo Halisi

Vitabu vingi vya theolojia tunavyosoma chuoni ni vya Kiingereza, na humo tunakutana na neno quintessential. Tunalifasiri haraka: "halisi", "hasa", mfano ulio kamili kuliko mingine ya aina yake. Mwanafunzi huliandika pembeni mwa ukurasa na kuendelea. Lakini neno hili lina historia inayotuhusu sana sisi Walutheri.

Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni kiini cha tano. Wayunani wa kale walifundisha kwamba vitu vya dunia vimetokana na udongo, maji, hewa na moto. Aristotle akaongeza cha tano, kitu cha mbinguni kisichoharibika. Katika karne ya 14 mtawa Mfransisko, John wa Rupescissa, alidai kwamba kiini cha namna hiyo hupatikana hata hapa duniani: unachemsha divai, unanasa mvuke wake, unarudia tena na tena mpaka kibaki kilicho safi kabisa. (Wapika gongo wanaielewa kazi hiyo kuliko sisi wachungaji.) Mashapo hutupwa.

"Halisi" nalo, ambalo tumelipata kwa Waarabu, ni kitu kisichochanganywa. Asali halisi haina sukari ya kutiwa.

Basi tunaposema msibani kwamba marehemu alikuwa Mkristo halisi, tunasema nini? Kwamba dhambi ilichujwa ikaisha? Martin Luther alifundisha kuwa aaminiye ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja, na haki yenyewe ni ya Kristo, haikutengenezwa ndani yetu. Mchemshe mzee wa kanisa, mchemshe mwinjilisti, hata askofu. Kiini kisicho na mchanganyiko hutakipata.

Tunayaandika haya kwa ajili ya wanaorudi kundini. Mtu anasimama mbele ya usharika, anatubu, anapokelewa kwa wimbo. Jumapili inayofuata anakaa benchi la nyuma peke yake, kana kwamba sisi wengine ndio mvuke na yeye ndiye mashapo. Na ibada hiyo tuliianza kwa kuungama sote, mchungaji akiwemo. Katika jumuiya zetu za wiki hii yupo ambaye, tangu aliporudi, hakuna aliyemwomba asome Neno wala afunge kwa sala.