Cha Bure Kisipotee Bure
Sisi tulio walimu twawaona watoto wakikariri kanuni za umeme na hali hawajapata kushika waya, kwa kuwa skuli nyingi hazina vifaa. Mwaka 2002 Carl Wieman, mtaalamu wa fizikia aliyepata Tuzo ya Nobel, alianzisha PhET katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani: majaribio ya sayansi kwenye intaneti, pasipo malipo. Mwanafunzi huunga betri na waya, akaiona taa ikiwaka. Mengi hupakuliwa, yakatumika hata mtandao usipokuwapo. Lakini chombo hakishiki pahala pa mwalimu, naye aulize kwanza, “Mwadhani itakuwaje?” Nanyi wazazi, simu i nyumbani tayari: cha bure kisipotee bure.