Diski ya Japuonj

Mpwa wangu anasomea kompyuta chuo kikuu, mwaka wa tatu. Likizo iliyopita alikuja nyumbani kisiwani Rusinga, akanikuta nikifanya kazi kwenye mfumo endeshi wa Linux, akashangaa. "Mjomba, kumbe hii watu huitumia? Nilidhani ni ya wadukuzi tu." Simu aliyokuwa ameishika ni ya Android, na kiini cha Android ni Linux yenyewe. Somo la mifumo endeshi alikuwa amelifanya muhula uliotangulia na kulipita vizuri. Nikamuuliza alisoma nini. Akanifungulia WhatsApp: maswali ya mitihani ya nyuma, majibu yake, na slaidi za mhadhiri zilizopigwa picha kutoka dawati la mwisho.

Sikumkasirikia yeye. Nilimkumbuka Japuonj.

Nilipokuwa na umri wa huyu kijana, tulikuwa tukivuka tuta la ziwani kwenda Mbita, kwenye cyber ya chumba kimoja cha mabati. Mlango ulitazama ufuoni, pale akina mama walipoanika omena juu ya nyavu, kwa hiyo harufu ya samaki iliingia ndani ikachanganyika na petroli ya jenereta na lile vumbi lililoungua nyuma ya skrini kubwa za zamani. Mwenye duka tulimwita Japuonj, yaani mwalimu, ingawa hajawahi kushika chaki. Kabla ya kompyuta alikuwa fundi wa redio. Intaneti yake ilipitia simu ya Nokia iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli kwenye nondo za dirisha, maana mtandao ulishika hapo tu. Ukifungua ukurasa ulikuwa na muda wa kutoka, kununua mandazi na kurudi kabla picha hazijakamilika.

Kwa sababu hiyo aliokota mambo kwingine. Alikuwa akipanda feri ya asubuhi hadi Luanda Kotieno, anaunganisha matatu hadi Kisumu, anashinda huko akipakua, na jioni anarudi na diski ndani ya soksi, soksi ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Alichokileta hakukilipisha. Intaneti ulilipia kwa dakika, lakini kusoma kilichomo kwenye diski kulikuwa bure, hata kama umekalia kiti tangu saa tatu.

Mwaka ni 2006, nimeuhakikisha: CD ya Ubuntu, aina ya Linux, iliyotufikia kupitia posta ya Mbita ninayo bado, na juu yake imeandikwa 6.06, yaani Juni ya mwaka huo. Siku hizo kampuni ya Mark Shuttleworth, yule Mwafrika Kusini, ilituma CD bila malipo kwa yeyote aliyeomba, popote duniani. Mpango huo ulifungwa mwaka 2011. Japuonj alikuwa akiagiza na kugawa, na kila aliyepewa aliketishwa kwanza akaelezwa ni nini hasa alichopewa.

Kueleza ndiko kulikokuwa kipaji chake. Kitabu kimoja cha mifumo endeshi kilisema michakato miwili, yaani programu mbili zinazoendeshwa, inaweza kukwama daima, kila mmoja ukishikilia kitu ambacho mwenzake anakisubiri. Alitutoa nje akatuonyesha tuta: lori kutoka Rusinga na matatu kutoka Mbita vimekutana katikati, nyuma ya kila kimoja kuna foleni, hakuna wa kurudi kinyumenyume. "Sasa nyinyi ndio mfumo endeshi," akasema. "Mtafanyaje?" Tulibishana hadi jenereta ikaisha mafuta. Mmoja alitaka polisi wa kuamuru gari lirudi, mwingine alitaka hakuna gari kupanda tuta mpaka ng'ambo iwe tupu. Miaka baadaye nilikuta hoja zote mbili kitabuni, zimeandikwa kama suluhisho halali.

Ndani ya ile diski ya kutoka Kisumu mlikuwa na maelezo ya John Lions, mwalimu wa Australia ambaye mwaka 1976 aliuchukua msimbo wa mfumo endeshi wa Unix toleo la 6 akaufafanua mstari kwa mstari kwa ajili ya wanafunzi wake. AT&T, kampuni iliyomiliki Unix, ilipozuia msimbo wa matoleo yaliyofuata kufundishwa darasani, wanafunzi wa dunia nzima walitoa fotokopi ya maelezo hayo, na fotokopi ya fotokopi. Mlikuwa pia na noti za MIT, chuo ambacho mwaka huohuo wa 2006 kilianza kufundishia xv6, mfumo mdogo uliojengwa kwa mfano wa Unix hiyo ya Lions. Msimbo wake haufiki mistari 10,000. Mtu mmoja anaweza kuusoma wote akauelewa, na hilo haliwezekani kwa Windows wala kwa Linux ya leo.

Mwaka 2009 mkongo wa intaneti ulifika Mombasa. Simu janja za Ideos zikaja, bei takriban shilingi 8,000, kila mtu akawa na intaneti mfukoni. Wateja wa cyber wakapungua, Japuonj akabaki na fotokopi na M-Pesa, kisha akafunga. Tuta nalo likaondolewa, likajengwa daraja.

Na hapa ndipo ninapokasirika. Vilivyomo mtandaoni sasa vinapita mbali chochote kilichowahi kuvuka kwa ile feri. Remzi na Andrea Arpaci-Dusseau wa Chuo Kikuu cha Wisconsin wameweka kitabu chao kizima bure, sura kwa sura, kwa lugha nyepesi na mazoezi ya kujaribu. Sura nyingi hazifiki megabaiti moja. xv6 inapakuliwa bure na kuendeshwa ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta, kwenye laptopu ya mtumba. Hapa kwetu, Kasawanga, ni nyumbani kwa Tom Mboya na ndiko alikozikwa, yule aliyewatafutia wanafunzi ndege ili wakasome Marekani. Leo darasa la Marekani lenyewe linamfikia mtoto wa Kasawanga kwa bando ya shilingi ishirini, naye anakaririshwa "kazi tano za mfumo endeshi" ili apate alama tano. Hakuna anayemwambia kitabu kipo.

Nilimkalisha mpwa wangu. Tulianza na sura ya michakato, kisha nikamwashia xv6. Aliandika programu fupi inayoita fork, ikachapa mstari mmoja mara mbili, akadhani ameharibu kitu. Alipong'amua kwamba mchakato umezaa mwenzake na wote wawili wanachapa, aliongeza fork nyingine bila kuambiwa, ikachapa mara nne. Chakula cha jioni kilipoa.

Mwalimu mmoja wa kompyuta hapa kisiwani, anayefundisha mifumo endeshi, alisikia akaja na flashi. Nimemwekea kitabu, xv6 na zile noti za zamani, naye ameviingiza kwenye mashine za maabara yake ambazo hazina intaneti. Anasema wanafunzi wanabishana kuhusu nani atumie prosesa kwanza. Sasa ameomba toleo jipya la xv6, lile la prosesa za RISC-V, na Jumamosi nitampelekea.