Mlima Unaotetemesha Ardhi

Sisi wa Nyakunguru ni majirani wa Serengeti. Ukivuka Mto Mara, ukapita nyanda za Serengeti kuelekea kusini mashariki, utafika Bonde la Ufa. Hapo, karibu na Ziwa Natron, upo mlima Oldoinyo Lengai. Kwa Kimasai maana yake ni Mlima wa Mungu.

Mimi bwana shamba nilifika huko. Karibu na kilele niliona michirizi myeupe. Si theluji. Ni mawe ya volkano. Yakitoka ni meusi, yakipata unyevu hugeuka meupe.

Mlima huu uko hai. Chini yake mna mawe yaliyoyeyuka kwa joto. Yakipanda juu hupasua miamba, na ardhi hutetemeka.

Mwaka 2007 mambo hayo yalitokea. Mwezi wa Julai ardhi ilitetemeka mara nyingi. Tetemeko la tarehe 17 lilisikika hata Nairobi. Mwezi wa Septemba mlima ulilipuka. Majivu yalianguka juu ya malisho, na wafugaji walilazimika kuhama.

Lakini majivu hayohayo yana faida. Majivu ya zamani ya milima ya huko ndiyo yaliyorutubisha nyanda za nyasi fupi za Serengeti.

Basi, kwa nini wataalamu hupima matetemeko? Kwa sababu mara nyingi tetemeko hutangulia, mlipuko hufuata. Vyombo vyao husikia mtikisiko mdogo ambao mtu hausikii. Huwekwa mahali mbalimbali. Kwa kulinganisha saa ambayo kila chombo kilisikia, wataalamu hujua tetemeko limeanzia wapi. Hata mlima Erebus, katika nchi ya barafu ya Antaktika, umewahi kupimwa hivyo.

Si kila tetemeko hutokana na volkano. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko liliua watu Bukoba na kubomoa nyumba nyingi. Tena hakuna chombo kinachoweza kutaja siku ya tetemeko. Kwa hiyo tujiandae:

1. Tujenge nyumba imara. Tuzibe nyufa za kuta mapema.
2. Tusiweke vitu vizito juu ya kitanda.
3. Ukiwa ndani, ingia chini ya meza imara, ukinge kichwa.
4. Ukiwa nje, kaa mbali na kuta na miti.
5. Majivu yakianguka, funika maji, na uwape mifugo majani safi.

Ndugu wasomaji, wafundisheni watoto mambo haya leo. Ardhi ikianza kutikisika, hakuna nafasi ya kufundishana.