Wendani, ambako muziki huchorwa

Msomaji, ukifika Kahawa Wendani jioni, usikimbilie nyumbani. Simama kando ya barabara ya Thika usikilize. Kabla matatu haijaonekana, besi yake imekwisha kukugonga kifuani. Ndipo inapotokea: nyuso za waimbaji, herufi zilizopinda kama moshi, zambarau juu ya kijani. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambao wengi ni wapangaji hapa, huiacha gari isiyo na michoro, hata iwe tupu, wakaingoja hiyo. Mzazi, usicheke, nauli ni yako.

Mwaka 2004 sheria za Waziri John Michuki zilileta mstari wa manjano, michoro ikafutwa na wachoraji wakakosa kazi. Ilirudi kwa kishindo baada ya Rais Uhuru Kenyatta kuitetea mwaka 2014.

Ajabu ni kwamba chuo hichohicho kilimsomesha muziki Joseph Kamaru, KMRU, mjukuu wa mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu mwenye jina hilo. Huyu hunasa sauti za kawaida akazisuka polepole, bila maneno. Albamu yake Peel ilitoka mwaka 2020. Huo husikilizwa macho yakiwa yamefumbwa.

Mimi nilipanda ile ya zambarau. Masikio yalinilia mpaka Githurai.