Kabla ya kadi ya kliniki

Nilianza ukunga Kahama kabla mgodi wa Buzwagi haujafunguliwa mwaka 2009, na uzalishaji uliposimama mwaka 2021 nilikuwa bado kazini. Wengi wa wanawake niliowahudumia walitoka nje ya uzio wa mgodi: Mwime, Mwendakulima na vitongoji vya wachimbaji wadogo wa dhahabu vyenye maduara, makarasha ya kusaga mawe na mialo ya kuoshea dhahabu, ambako mume anashuka shimoni na mke anaponda mawe, mtoto yuko mgongoni.

Kliniki ya wajawazito ina utaratibu mzuri. Mama hupimwa damu, hupewa chandarua, SP ya malaria na fefo ya kuongeza damu. Lakini wengi walikuja tumbo limeshaonekana. Mfereji unaojenga ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe, siku ambazo mama anajua tu kwamba amechelewa kuona hedhi, kama anajua. Asidi ya foliki inayosaidia mfereji huo kufunga, mikrogramu 400 kwa siku, inatakiwa iwe imeshaingia mwilini. Kanuni za nchi za mwaka 2011 ziliagiza unga wa viwandani uongezwe virutubishi, foliki ikiwemo. Huku kwetu, hata hivyo, mahindi husagwa kwenye mashine ya mtaani, na unga huo ndio chakula cha kila siku.

Namkumbuka kichanga mmoja wa mgongo wazi. Nilifunika ule uvimbe kwa gozi iliyoloweshwa, tukamlaza kifudifudi mapajani mwa bibi yake, gari likaondoka kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Mama yake alikuwa amehudhuria kliniki bila kukosa tangu mwezi wa tano. Tangu siku hiyo, kila msichana aliyeniambia ameposwa nilimwambia aanze vidonge vya foliki mapema, mwezi mmoja hadi mitatu kabla ya kutafuta mtoto. Vinauzwa duka la dawa, na si ghali.

Ila kwa wanawake wa machimboni vidonge peke yake havikutosha. Kuna dada mmoja aliyekuwa akiharibikiwa na mimba. Vipimo vyake vya kaswende, Virusi vya Ukimwi, sukari na presha havikuwa na shida. Jioni moja nilimtembelea nyumbani. Mume wake alikuwa amerudi kutoka mwaloni. Alitoa kitonge cha rangi ya fedha, kikubwa kama punje ya hindi, akakiweka kwenye kijiko cha chuma juu ya mkaa, humo humo ndani, dirisha limefungwa ili majirani wasione. Kitonge kikapoteza mng'ao, kikaanza kuwa cha njano. Harufu hakuna. Moshi hauonekani.

“Ngosha, jiko hili mnapikia nini?”

“Ugali, mama nesi. Tuna jiko moja tu.”

Kitonge kile ni dhahabu iliyoshikana na zebaki. Zebaki inapochomwa hugeuka mvuke, mtu huuvuta kwa pumzi, na kwa mjamzito huvuka kondo la nyuma mpaka kwa mtoto. Huko Minamata, Japani, ambako sumu hii iliwafikia watu kupitia samaki, akina mama walioonekana wazima walizaa watoto wenye ubongo ulioharibika. Mkataba uliobeba jina la mji huo Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Elias Nyanza na wenzake, watafiti wa Mwanza, waliwafuatilia wajawazito wa maeneo ya wachimbaji wadogo katika kanda yetu, wakaona kwamba zebaki na aseniki nyingi mwilini ziliambatana na mimba kuharibika, watoto kuzaliwa wafu na wengine kuzaliwa njiti. Walipima pia udongo wa pemba ambao wajawazito wetu wanautafuna, wakaukuta na aseniki na madini mengine mazito.

Sikuweza kumthibitishia yule kijana kwamba kijiko chake ndicho kilichokuwa kikiharibu mimba zile. Nilimwambia ninachokijua: achomee mbali na nyumba, kwenye chombo kilichofungwa kinachorudisha zebaki, nguo za kazi zisiingie chumba cha kulala, mkewe asishike zebaki kwa mkono. Na yeye mwenyewe, kwa lile vumbi la mawe la chini, apimwe kifua kikuu kabla hajaitwa baba. Alisikiliza. Wanaume wa machimboni husikiliza, tatizo ni kwamba sisi wa afya tumezoea kuzungumza na wake zao tu. Nikaanza kwenda mwaloni mchana, wakati wanapumzika, na huko ndiko nilikoulizwa maswali ambayo kliniki hayakuletwa kamwe: pombe, nguvu za kiume, na kama mtu aliyewahi kutibiwa kisonono atazaa.

Kupitia mwaloni walikuja wachumba wawili, mwanaume ndiye aliyemshika mwenzake mkono. Walitaka kupima seli mundu. Katika utafiti wa Kanda ya Ziwa uliotolewa mwaka 2018, mtoto mmoja kati ya watano alikuwa amebeba chembe yake ya urithi. Hawa wote wawili walikuwa nayo. Niliwaeleza kwamba kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumleta mtoto mwenye ugonjwa, na kwamba mimba iliyotangulia haipunguzi hatari ya inayofuata. Walioana. Mtoto wa kwanza hana ugonjwa. Wa pili anao. Walimpima angali mchanga, akaanza penisilini akiwa na miezi mitatu, na homa ikimshika, hata usiku wa manane, baba yake anawasha pikipiki.